Tarehe tulikuwa nayo, feza hatukuwa nayo

Haya ni maneno yenye tulisema mbele ya wamemba ku mukutano ya mwezi, hapa Lubumbashi, ku Katuba. Wengi waliomba tuyaandike, juu wale wenye hawakufika nao wasome, na wale wenye walifika wapelekee majirani.

Ninyi vijana wenye muko munasimama kule ku mulango. Karibuni ndani, maneno ya leo inawaangalia na ninyi.

Tunaanza na habari moja. Mwenyewe alituruhusu tuiseme, bila jina.

Mama mumoja wa chama yetu alirudi kutoka kambi ya Mantapala, ku Zambia. Mutoto wake wa mbili alizaliwa kule, na operasio. Wakati alirudi na kubeba mimba ya tatu hapa, alienda ku kituo kidogo ya afya karibu na nyumba, akaonyesha karatasi zake za Zambia. Kwenye karatasi walikuwa wameandika «C/S». Kule, wanaandika Kiingereza, na «C/S» maana yake mwanamuke alipasuliwa. Hapa kwetu, «CS» ni santre de sante. Yule mwenye alipokea karatasi alisoma vile macho yake imezoea: mama huyu alizala ku santre de sante, hakuna shida. Akaandika «kawaida».

Na mama? Mama alinyamaza. Tulimuuliza nyuma, akatuambia: «Mi niliogopa. Nilijua nikisema, watanituma ku lopitali kubwa, na kule wataomba feza.» Kovu ilikuwa pa tumbo, ukweli ulikuwa mu karatasi, lakini wote wawili walikuwa wamefichwa na kikwembe na woga.

Ni mumoja wetu, mwenye alisoma shule ku Zambia, njo aliona ile karatasi siku tulipita kutembelea. Tulimupeleka ku lopitali kubwa. Ekografi ilionyesha mutoto amelala kwa kukingama, kichwa haiko chini. Muganga akasema wazi: huyu hatazala kwa njia ya kawaida, tunamupangia sezarieni. Akatoa tarehe: siku ya ine, wiki tano mbele.

Sisi tulifurahi. Tuliandika tarehe mu kaye yetu, tukaipigia musitari chini. Ile siku ya ine ikafika, operasio ikaenda muzuri, mutoto mwanamuke akalia kwa nguvu. Siku ya kwanza yenye ilifuata, muganga akasema: mama, unaweza kurudi nyumbani.

Hakurudi. Fakture ilikuwa haijalipwa. Alibakia kule siku 11 ingine, analala pa mukeka, ananyonyesha, na wale watoto wawili wako ku nyumba wanauliza mama iko wapi. Bwana yake alizunguka muji muzima kukopa. Na sisi njo tulianza kuchanga wakati huo.

Wandugu, tunasema hii mbele yenu juu kosa ilikuwa yetu pia. Mutu mwenye anaanguka ku barabara anaweza kutukuta mikono mitupu, hakuna mwenye atatulaumu. Lakini hapa tulikuwa na tarehe. Wiki tano nzima. Tulikuwa na siku, tulikuwa na saa, na hatukufanya nayo kitu. Njo maana leo tunaongea namna ya kujitayarisha.

Kwanza: hii operasio ni nini, na juu ya nini wanaipanga?

Kuna sezarieni ya haraka, yenye inafanywa juu hatari imetokea wakati mama iko na uchungu. Na kuna yenye inapangwa mbele ya uchungu kuanza. Wanaipanga kama placenta imefunika mulango ya kizazi, kama mutoto amekingama, kama ni mapacha na wa kwanza hajageuza kichwa chini, kama mama alishapasuliwa mara mingi, ao kama alitengenezwa ugonjwa wa fistula. Mwenye alipasuliwa mara moja tu, wakati fulani anaweza kuzala kwa kawaida. Lakini ni ku lopitali yenye inaweza kumupasua mara moja kama mambo imegeuka. Si ku nyumba, si ku kituo kidogo.

Kawaida wanachagua wiki ya 39, juu mapafu ya mutoto inakuwa imekomaa. Sasa, kuhesabu wiki inaomba kujua mimba ilianza lini. Sisi wenye tulirudi na mimba njiani, mara mingi ile hesabu ilipotea. Ekografi yenye ilifanywa mapema, mu miezi ya kwanza, njo inahesabu muzuri kupita ile ya mwisho. Hata kama ilifanywa ku kambi, usiitupe.

Tunasikia mu avenue: «Mwanamuke mwenye kupasuliwa hakuzala, walimuzalia.» Ba mama wakwe, tunawaomba, muache hiyo neno. Na wengine wanasema ni mambo ya wazungu. Basi musikilize. Mu mwaka 1879 Muingereza mumoja, Robert Felkin, alifika Bunyoro, inchi yenye leo iko ndani ya Uganda. Alikuta waganga wa kule wanapasua mwanamuke mwenye alishindwa kuzala. Walimunywesha pombe ya ndizi juu asisikie sana maumivu. Mupasuaji alinawa mikono na ile pombe, akasafisha na tumbo. Musaidizi mumoja alishika miguu, mwengine akashika tumbo. Walizuia damu na chuma ya moto, wakafunga kidonda na misumari midogo ya chuma na kamba. Siku 11 kisha, kidonda ilikuwa imepona, na Felkin aliandika hii habari yote, ikachapishwa mwaka 1884. Hatuwaambie mufanye vile leo! Tunawaambia tu: kila mutu alijua kazi yake mbele kisu ishuke. Wazee wa Bunyoro walijitayarisha, na sisi wenye simu tunashindwa?

Sasa tuingie mu kazi yenyewe. Iko mambo tano: karatasi, feza, damu, mufuko, na watu.

Karatasi. Mwenye alirudi kutoka Zambia ao Tanzania, karatasi zake ziko mu Kiingereza ao mu Kiswahili ya kule. Hapa watazisoma na macho ya Kifaransa. Leteni karatasi zote kwetu, tutaandika maana yake mu Kifaransa ku ukurasa moja, na ile ya zamani inabakia pamoja nayo. Lakini mbele ya karatasi yote kuna kinywa yako. Ku konsultasio ya kwanza, sema mwenyewe: «Nilipasuliwa, mwaka fulani, mara ngapi.» Onyesha kovu. Na ujue hii: kovu ya inje haionyeshe namna walikata kizazi ndani. Unaweza kuwa na kovu ya kulala pa ngozi, na ndani walikata kwa kusimama. Kizazi yenye ilikatwa kwa kusimama inaweza kupasuka kwa urahisi zaidi wakati wa uchungu. Ni karatasi ya mupasuaji tu yenye inasema. Kwa hiyo, siku ya kutoka lopitali, usiondoke bila ile karatasi. Iombe kwa heshima, lakini iombe.

Feza. Ku kambi za Zambia hatukuzoea kulipa. Ambilansi ilikuja, ulizala, ulirudi na mutoto. Wengi wetu tulifika hapa na ile mazoea. Hapa, mu mwaka 2016, watafiti walifuata wamama ku lopitali moja kubwa ya muji yetu ya Lubumbashi. Kati ya wale wenye walikuwa wameshapewa ruhusa ya kutoka, karibu nusu walikuwa wanazuiliwa juu ya deni. Mama wa habari yetu hayuko peke yake.

Programu ya serikali ya kuzala bila kulipa ilianzia Kinshasa mu mwezi wa 9 wa mwaka 2023. Usibaki kusikia redio na kusema «basi ni bure». Enda ku lopitali yako na uulize: Je, ninyi muko ndani ya ile programu? Sezarieni iko ndani? Dawa gani haiko ndani?

Kama ni kulipa, uliza bei yote, si bei ya operasio peke yake. Tumeandika orodha, munaweza kuikata na kuitia mu mufuko: kosio ya kuingia, operasio, anestezi, dawa na serumu, glavu na uzi, kama ni familia inanunua, vipimo vya laboratware, damu, kitanda kwa kila siku, matunzo ya mutoto. Uliza pia kama ni dola ao franka, na chenji watahesabu ngapi. Waombe wakuandikie. Uliza kama unaweza kulipa kidogo-kidogo kila konsultasio, na kila mara uchukue risiti. Mwisho, ongeza fungu moja juu ya mambo yenye haijulikane, juu mutoto anaweza kukaa siku ingine akihitaji kuangaliwa.

Damu. Mwanamuke anaweza kupoteza damu mingi mu operasio hata kama kila kitu inaenda muzuri. Mara mingi lopitali inaomba familia irudishe damu yenye ilitumika. Kwa hiyo, tafuta watu wawili ao watatu wenye afya, wakubali mbele, wapimwe mbele, na simu zao ziandikwe. Ba baba, hapa njo kazi yenu. Ku nyumba zetu tunasikia kwamba kutoa damu inamaliza nguvu ya mwanaume. Hapana, mwili unairudisha. Kama placenta iko chini ao imelala juu ya kovu ya zamani, usikubali kupangiwa pahali penye hapana damu. Na mama mwenyewe apimwe kama damu yake imepunguka mapema. Vidonge vya feri vinaomba wiki mingi vifanye kazi, haviwezi kusaidia mu siku mbili. Kama kipimo inasema rezusi yako ni negatifu, uliza juu ya sindano yenye wanapashwa kukutia mu masaa 72 kisha kuzala, kama mutoto ni pozitifu. Ile sindano ni ya bei, na haipatikane kila pahali. Inatafutwa mbele ya siku.

Mufuko. Tia bikwembe tatu ao ine safi, kitambaa ya kutia kati ya miguu, nguo pana yenye haifinye tumbo, nguo ya mutoto na kofia na blanketi, sabuni, beseni, maji ya kunywa, termosi, chaja ya simu na tochi, juu umeme munaujua wenyewe. Na karatasi zote mu plastiki moja.

Watu. Mumoja wa kulala na mama ku lopitali. Mumoja wa kubakia na watoto ku nyumba. Mumoja wa kutembea kutafuta dawa. Na mwenye gari ao taksi mwenye alikubali mbele, na namba yake imeandikwa ku ukuta. Wale wa Ruashi na wa Luwowoshi munajua barabara wakati wa mvua.

Sasa, siku yenyewe.

Usiku wa mbele, oga na sabuni. Usinyoe nywele za chini na wembe ku nyumba. Wembe inaacha vidonda vidogo na microbe inaingia. Kama ni lazima, wao watakata. Toa rangi ya kucha, juu wanatia kifaa ku kidole yenye inaangalia pumzi. Heleni na pete vibaki ku nyumba. Chakula: kanuni ya kawaida ni kuacha kula masaa 6 mbele ya operasio, na maji safi masaa 2 mbele, lakini fuata vile mutu wa anestezi atakuambia wewe. Tunajua bukari ya asubui inapewa mama «apate nguvu». Wakati huo si nguvu, ni hatari: chakula inaweza kupanda na kuingia mu mapafu. Kama ulikula, sema. Hakuna mwenye atakupiga. Watangojea.

Mara mingi wanatia ganzi ku mugongo. Utajisikia unavutwa, unasukumwa, lakini si uchungu ya kisu. Hautalala, utasikia mutoto wako akilia. Kama uko muzuri, omba wamutie pa kifua yako na aanze kunyonya mu saa ya kwanza. Ile maziwa ya kwanza ya manjano si uchafu. Usikubali wamupe maji ya sukari juu tu «mama alipasuliwa, hana maziwa».

Na hii tunaisema mara mbili. Kama uchungu inaanza mbele ya tarehe, ao maji inapasuka, ao damu inatoka, usingojee tarehe. Enda mara moja, hata kama ni usiku, hata kama feza haijatimia. Tarehe ni ya muganga, mutoto hajaisoma. Na usinywe dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu. Kwa mwanamuke mwenye kovu, ile dawa inaweza kupasua kizazi, na tunapoteza wote wawili.

Kisha operasio, maumivu iko, omba dawa. Lakini simama na tembea mapema vile watakuruhusu, hata hatua tano, hata kwa kuinama kama mama mukubwa. Kutembea inasaidia damu isigande mu miguu. Kidonda ibaki safi na kavu. Usitie unga ya vidonge, usitie majani, usitie dawa ya meno. Usibebe kitu yenye uzito kupita mutoto wako. Bidon ya lita 20 ibebwe na mwengine, wiki sita nzima.

Rudi ku lopitali mara moja kama: homa inapanda; kidonda inavimba, inafunguka ao inatoa usaha; damu inatoka mingi, ao maji ya chini inanuka; muguu moja inavimba na kuuma; pumzi inakuwa fupi; ao kichwa inauma sana na macho inaona giza-giza. Usingojee siku ya konsultasio.

Na mimba yenye itafuata? Kovu ya ndani inaomba wakati. Shirika ya Afya ya Dunia inashauri kungojea miezi 24 kisha kuzala, mbele ya kutafuta mimba ingine. Muongee na muganga juu ya kupanga uzazi mbele ya kutoka lopitali, bwana na bibi pamoja.

Tunamalizia na yenye tunaomba chama. Likelemba yetu iko, lakini inazunguka kwa zamu, na zamu haijue tarehe ya kuzala. Tunaomba tufungue sanduku ya uzazi pembeni. Kila memba atie kidogo kila mwezi, chenye mukutano utakubali leo. Mama mwenye amepewa tarehe ya operasio analeta karatasi, na kuanzia siku hiyo kazi inaanza: mumoja anaenda kuuliza bei, mumoja anatafuta watu wa damu, mumoja anasoma karatasi za zamani. Wiki mbili mbele ya tarehe, sanduku inahesabiwa mbele ya watu wote, na kama inapunguka, tunachanga wakati ule, si wakati mama ameshalala pa mukeka.

Mama wa habari yetu alisema atakuwa wa kwanza kutia. Deni ya bwana yake haijaisha, tunamujua, lakini alisema hivyo. Leo yuko hapa kati yetu na ile mutoto, tumboni amefunga kikwembe, anatuangalia kama tutaandika tu tena tarehe mu kaye na kuipigia musitari.

Wenye kukubali sanduku, tunaomba muinue mikono.



(Ku mukutano mikono iliinuka mingi. Kaye ya sanduku iko kwa mutunza feza wa chama. Karatasi za Kiingereza tunazipokea kila siku ya posho, asubui, pa nafasi ya mukutano.)